Galaksi kutoka uani Nairobi: picha hizi hupatikanaje, na je, ni za kweli?

Picha ya galaksi ikiingia katika kundi la WhatsApp, hasa ikisemekana kwamba imepigwa na mtu wa hapa hapa Nairobi kwa darubini aliyoiweka uani, maoni hugawanyika mara moja. Wapo wanaoamini kwamba ni mchoro wa kompyuta, wapo wanaodhani kwamba mpigaji ana mtambo unaokuza vitu mara maelfu, na wapo waliowahi kuchungulia kwenye darubini wakaona ukungu wa kijivu tu, ambao wana haki ya kuuliza rangi zile za buluu na waridi zimetoka wapi. Mkanganyiko huu unaeleweka, kwa sababu sisi sote tumezoea picha inayonaswa mara tu kidole kinapogusa simu, na picha ya galaksi haipatikani hivyo hata kidogo. Ni ya kweli, lakini hutokana na saa nyingi za kukusanya mwanga na hesabu inayofuata baadaye. Anayezielewa hatua hizo mbili anaweza kupima mwenyewe picha inayomfikia, na akitaka, anaweza kuipiga yake.

Tuanze na kinachopigwa picha. Galaksi ni mkusanyiko mkubwa mno wa nyota, gesi na vumbi, unaoshikamanishwa na mvutano wa vitu vyote vilivyomo. Galaksi nyingi kubwa zina umbo la sahani bapa, na juu ya sahani hiyo nyota changa na gesi hujipanga katika mikono inayojikunja kuzunguka kiini. Hizo ndizo galaksi za msokoto. Katika baadhi yake mikono haianzii kwenye kiini chenyewe. Katikati kuna fimbo ya nyota iliyonyooka, inayopita kwenye kiini kutoka upande mmoja hadi wa pili, na mikono huchipuka kwenye ncha mbili za fimbo hiyo. Hiyo ndiyo galaksi ya msokoto yenye fimbo. Edwin Hubble aliziweka galaksi hizi katika tawi lake la pekee alipopanga aina za galaksi mwaka 1926, na kadiri upigaji picha ulivyoboreka ndivyo ilivyodhihirika kwamba si kitu adimu: takriban theluthi mbili ya galaksi za msokoto zilizo karibu nasi zina fimbo, iwe dhaifu au dhahiri. Njia Nyeupe, galaksi tunamoishi, inayo pia.

Fimbo hiyo si kitu kigumu. Imeundwa na nyota zinazozunguka kiini kwa njia ndefu zilizobanwa mbavuni, zote zikiwa zimelala kuelekea upande mmoja, kiasi kwamba ukiitazama kutoka mbali unaona mstari mnene. Gesi inayoingia humo hugongana, hupoteza mwendo wake wa kuzunguka na kuporomoka kuelekea kiini, ambako huzaa nyota mpya na wakati mwingine hulisha shimo jeusi lililo katikati. Katika picha nzuri njia hiyo ya gesi huonekana waziwazi, kwa sababu vumbi linaloandamana nayo huchora mistari myembamba yenye giza juu ya fimbo inayong'aa.

Mfano ulio bora zaidi kwa mtazamaji wa Nairobi ni NGC 1365, iliyomo katika kundinyota la Fornax. James Dunlop aliigundua mwaka 1826 akiwa Australia. Iko umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 56 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), na upana wake, takriban miaka ya nuru 200,000, ni karibu mara mbili ya ule wa Njia Nyeupe. Fimbo yake imenyooka na mikono yake miwili imejipinda kama kulabu, kwa hiyo hata mtu asiyejua lolote kuhusu galaksi huitambua mara anapoonyeshwa. Nyingine ni M83, iliyo karibu zaidi, miaka ya nuru milioni 15 hivi, ambayo Nicolas-Louis de Lacaille aliiona mara ya kwanza mwaka 1752 alipokuwa akichunguza anga la kusini kutoka Rasi ya Tumaini Jema. Ya tatu, NGC 1300, iliorodheshwa mwaka 1835 na John Herschel, naye akiwa huko huko Rasini. Mbili kati ya galaksi hizi tatu, basi, ziligunduliwa na watu waliokuwa wamesimama katika ardhi ya Afrika, na naona ni haki tulikumbuke hilo tunaposikia kwamba elimu ya nyota ni shughuli ya mbali.

Kukuza si kazi kubwa ya darubini

Dhana inayowapotosha wanunuzi wengi ni kwamba galaksi hazionekani kwa sababu ni ndogo mno, na kwamba dawa yake ni kuzikuza. Masanduku ya darubini za bei nafuu huandikwa kwa herufi kubwa kwamba chombo kinakuza mara mia kadhaa, na mnunuzi huamini kwamba hicho ndicho kipimo cha ubora. Ukweli ni kwamba NGC 1365, ilivyo angani, ina urefu unaozidi kidogo theluthi moja ya upana wa mwezi mpevu. Galaksi ya Andromeda ina upana wa mara sita wa mwezi. Kama vitu hivi vingekuwa na mwangaza wa kutosha, tungeviona kila usiku bila chombo chochote. Havionekani hivyo kwa sababu mwanga wake ni hafifu mno.

Mwanga huo hutufikia kama manyunyu. Mkazi wa Nairobi aliyewahi kukinga maji ya mvua kwa sababu mfereji umekauka anajua kwamba hata manyunyu hujaza pipa, mradi chombo kiwe na mdomo mpana na kikae nje kwa muda mrefu. Kioo cha darubini ndicho mdomo wa chombo hicho: kioo chenye kipenyo cha milimita 200 hukinga mwanga takriban mara 800 kuliko mboni ya jicho iliyofunguka kabisa gizani. Kamera nayo huongeza kitu ambacho jicho haliwezi, yaani muda, kwa kuwa kihisi chake hulimbikiza mwanga dakika baada ya dakika, ilhali jicho halihifadhi mwanga zaidi ya sehemu ndogo ya sekunde. Kukuza hakuongezi hata tone moja. Na taa za jiji ni sawa na jirani anayemwagilia bustani yake kwa mpira, maji yakawa yanarukia ndani ya pipa lako: yanalijaza upesi, lakini si maji uliyokuwa ukiyangojea.

Hapo ndipo hesabu inapoingia, na ndiyo sehemu ninayoomba msomaji aisome taratibu, kwa sababu ikieleweka mengine yote hufuata. Chembe za mwanga hazifiki kwa mpangilio sawa. Hufika kwa bahati nasibu, na idadi yake huyumba kwa kiasi kinachokaribia kipeuo cha pili cha idadi yenyewe. Tuchukue tarakimu za mfano. Tuseme kwamba katika dakika moja, nukta moja ya kihisi hupokea chembe 1,000 kutoka katika anga la jiji lililojaa taa, na chembe 20 tu kutoka katika mkono wa galaksi. Kuyumba kwa zile 1,000 ni kama 32, kwa hiyo zile 20 zimezama. Hakuna awezaye kusema kama zimo au hazimo. Sasa tupige picha 100 za dakika moja moja na kuzijumlisha. Anga linakuwa 100,000, na kuyumba kwake ni kama 316. Mkono wa galaksi unakuwa 2,000, zaidi ya mara sita ya kuyumba huko. Wastani wa anga ukishatolewa, mkono unabaki. Haukubuniwa na kompyuta. Ulikuwamo katika kila picha ya dakika moja, ila ulifunikwa.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini mahali ni muhimu kuliko chombo. Anga la katikati ya jiji kubwa linaweza kung'aa zaidi ya mara 20 kuliko la mashambani kusikokuwa na taa. Katika mfano wetu, chembe 1,000 za anga zingeshuka hadi 50 au chini ya hapo, kuyumba kungekuwa 8 hivi, na mkono wa galaksi wenye chembe 20 ungeanza kuonekana katika picha ya kwanza. Aidha, kwa kuwa kuyumba hukua polepole kuliko mwanga, ukizidisha muda mara nne ubora huongezeka mara mbili tu. Aliyepiga saa mbili na kuridhika nusu, anahitaji saa nane ili aridhike kabisa.

Kutoka fremu moja hadi picha kamili

Fremu moja ya dakika moja kutoka mtaa wa Nairobi haivutii. Skrini ina rangi ya kijivu iliyochanganyika na manjano, nyota kadhaa zimetapakaa, na mahali ilipo NGC 1365 kuna doa hafifu ambalo ukiondoa macho unalipoteza. Programu za bure kama Siril na DeepSkyStacker hulinganisha nyota za kila fremu, huzipanga fremu zote zikae sawasawa juu ya nyingine, kisha hukokotoa wastani wa kila nukta. Katika hatua hiyo hiyo hutupilia mbali thamani iliyo tofauti mno na nyingine za nukta ile, na kwa njia hiyo mistari ya setilaiti na ya ndege zinazotua Jomo Kenyatta hufutika, kwa maana kila mstari umo katika fremu moja tu huku galaksi imo katika zote.

Kuna fremu nyingine ambazo hazina galaksi ndani yake, na kutajwa kwake ndiko huwafanya watu washuku udanganyifu. Za kwanza hupigwa darubini ikiwa imefunikwa kifuniko, kwa muda ule ule na katika joto lile lile, ili kurekodi madoa ambayo kihisi hujizalishia chenyewe kutokana na joto. Madoa hayo hutolewa katika picha. Za pili hupigwa kuelekea mwanga ulioenea sawasawa, kwa mfano fulana nyeupe iliyotandazwa juu ya mdomo wa darubini wakati wa machweo, ili kuonyesha vumbi lililo kwenye lenzi na giza la pembeni. Thamani za nukta za picha hugawanywa kwa thamani za fremu hizo. Hakuna kinachoongezwa. Ni kusahihisha kipimo, jinsi mwenye duka anavyohakikisha mizani iko sifuri kabla ya kupima sukari.

Baada ya hapo mpigaji hufanya kile kinachoitwa kunyoosha: huinua mwangaza wa sehemu hafifu bila kuinua wa sehemu zilizokwisha kung'aa. Kwanza hujitokeza kiini, kisha fimbo, kisha mikono miwili inapopinda kutoka katika ncha zake. Hapa ndipo mkono wa mtu unapohusika, na hapa ndipo panapostahili uaminifu, kwa sababu anayenyoosha kupita kiasi hugeuza kelele za kihisi, yaani kuyumba kule kwa bahati nasibu, kuwa vitu. Programu za akili unde zinazonoa picha nazo zinahitaji tahadhari, kwani zinaweza kuchora nyuzi za vumbi ambazo darubini haikuziona. Kwa maoni yangu, anayezitumia anapaswa kusema hivyo.

Rangi nazo zina maelezo yake. Gizani jicho hutumia seli zisizotambua rangi, na ndiyo maana anayechungulia huona kijivu hata kwenye darubini kubwa. Kihisi cha kamera hakina udhaifu huo. Kina vichujio vidogo vya nyekundu, kijani na buluu, na kinapokusanya mwanga wa kutosha hutenganisha rangi zilizopo kweli. Fimbo ya NGC 1365 ni ya manjano kwa sababu imejaa nyota za kale, mikono ni ya buluu kwa sababu ina nyota changa zenye joto kali, na vidoto vya waridi ni mawingu ya haidrojeni ambamo nyota zinazaliwa. Kinachokolezwa ni nguvu ya rangi tu. Hali ni tofauti kwa darubini ya anga ya James Webb, ambayo mnamo Januari 2024 picha zake za galaksi 19 za msokoto zilitolewa kwa umma, NGC 1365 ikiwamo. Picha hizo zilipigwa kwa mwanga wa infraredi, ambao hakuna jicho la binadamu linaloweza kuuona, kwa hiyo rangi zake zimeteuliwa ili kuwakilisha urefu tofauti wa mawimbi. Kuilinganisha picha ya uani na hiyo, kisha kusema mojawapo ni ya uongo kwa sababu hazifanani, ni kulinganisha vipimo vya vitu viwili.

Neema na ugumu wa kukaa karibu na ikweta

Nairobi iko nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta, na kutokana na hilo karibu anga lote, la kaskazini na la kusini, hupita juu yetu katika mwaka. NGC 1365 hupanda hadi nyuzi 55 juu ya upeo wetu wa kusini. Mtazamaji wa London huiona, akiiona, nyuzi mbili tu juu ya upeo, ndani ya ukungu na moshi. M83 hapa hufika nyuzi 61. Urefu huo una maana kubwa, kwa sababu kitu kikiwa juu, mwanga wake hupita katika hewa kidogo zaidi, na jiji letu, lililo katika mwinuko wa takriban mita 1,700, tayari limeiacha chini sehemu ya hewa iliyo nzito.

Wakati wa NGC 1365 ni Januari na Februari, kati ya vuli na masika, ambapo usiku mwingi huwa hauna mawingu. Katikati ya Januari giza kamili huingia karibu saa mbili usiku, NGC 1365 hufika kilele chake saa mbili na nusu hivi, na hubaki mahali pazuri hadi karibu saa sita. Mtu anayekwenda kazini asubuhi anaweza kukusanya mwanga kwa saa kadhaa na bado akalala. M83 haina ukarimu huo: hufika kilele usiku wa manane mwezi Aprili, masika yakiwa yamekolea, na inapokuwa juu mapema jioni, mwezi Juni, anga la Nairobi limeshafunikwa na mawingu ya kipupwe. Anayeitaka aamke alfajiri mwezi Februari, inapofika kilele karibu saa kumi na nusu. Kwa yoyote kati ya hizo, usiku wa mwezi mwandamo ndio wa kuchagua, kwani mwezi mpevu huangaza anga kuliko taa za mtaa mzima.

Ugumu unatokana na ikweta hiyo hiyo. Dunia huzunguka, nyota husogea, na darubini lazima izifuate kwa mota iliyowekwa kwenye stendi ambayo mhimili wake unalingana na mhimili wa dunia. Ulaya na Marekani Kaskazini watu huelekeza mhimili huo kwenye Nyota ya Kaskazini na kazi imekwisha. Hapa ncha ya kaskazini ya anga iko chini ya upeo, na ile ya kusini iko nyuzi 1.3 tu juu yake, nyuma ya nyumba za majirani. Mhimili unakuwa karibu umelala, na stendi nyingi hazikuundwa kushuka kiasi hicho. Uzito wa kusawazisha hugonga mguu wa stendi. Kabla ya kununua, uliza stendi inashuka hadi nyuzi ngapi, kwa kuwa muuzaji aliye ng'ambo hatakuwaza wewe. Kuhusu kuelekeza, programu za sasa hupiga picha tatu za anga huku darubini ikizungushwa kati yake, hutambua nyota zilizomo na kukueleza mhimili umekosea kwa kiasi gani, bila kuhitaji kuiona ncha yenyewe.

Njia nyingine ni stendi inayosogea juu na chini, kushoto na kulia, kama ilivyo katika darubini ndogo nyingi zinazojiendesha zenyewe kupitia simu. Hizo hazihitaji mhimili wala ncha, lakini picha hujizungusha polepole ndani ya fremu. Kwa NGC 1365 ikiwa kileleni, kutoka Nairobi, mzunguko huo ni takriban nyuzi 26 kwa saa. Kwa hiyo fremu hufanywa fupi, za sekunde 10 hadi 20, nazo huwa mamia kwa usiku mmoja, kisha programu huzizungusha zilingane. Kwa anayeanza, ningeshauri njia hii bila kusita.

Vichujio vinavyouzwa kama dawa ya taa za jiji havisaidii sana hapa. Vinafanya kazi vizuri kwa mawingu ya gesi, yanayotoa mwanga wa rangi chache maalumu, lakini mwanga wa galaksi ni jumla ya nyota za kila rangi, na taa nyeupe za LED zilizojaa mitaani nazo hutoa rangi zote. Ukizuia kimoja unazuia na kingine. Bora zaidi ni kumwomba jirani azime taa ya usalama kwa saa mbili, au kuelekea kusini kupita Kajiado, au upande wa Magadi, ambako mwanga wa jiji hubaki nyuma yako huku galaksi ikiwa mbele. Anayetaka kuchungulia kwanza kabla ya kutumia fedha anaweza kuanza na The Travelling Telescope ya Susan Murabana, ambayo kwa miaka mingi imepeleka darubini shuleni nchini.

Yapo mambo mawili ambayo hata waliokwisha kuiamini picha huyakosea. La kwanza ni kwamba nyota kali, zenye ncha, zinazoonekana zimetapakaa juu ya galaksi si za galaksi hiyo. Ni nyota za Njia Nyeupe, zilizo mbele, kati yetu na nayo. Nyota za NGC 1365 ziko mbali kiasi kwamba kwa darubini ya uani huonekana zikiwa zimeungana kuwa mng'ao mmoja. La pili ni kwamba mwanga uliorekodiwa ulianza safari miaka milioni 56 iliyopita, miaka milioni 10 baada ya dinosaria wakubwa kutoweka, na kwa hiyo hiyo ni picha ya galaksi ilivyokuwa wakati huo.

Nyota hizo za mbele ndizo zinazoturudisha kwenye swali la ukweli, kwa sababu mpangilio wake hauwezi kubuniwa ukalingana na anga. Mtu yeyote anaweza kupakia picha kwenye huduma ya bure ya Astrometry.net, ambayo hulinganisha nyota zilizomo na orodha ya nyota za anga zima, kisha hueleza picha inaonyesha sehemu gani na imeelekea upande gani. Picha ya galaksi iliyochorwa na akili unde, hata ikipendeza, haitapata jibu. Na iwapo picha yako mwenyewe ina nukta ambayo haimo katika picha za zamani, usiifute upesi. Mnamo Oktoba 2012 nyota moja ililipuka ndani ya NGC 1365 na ikapewa jina SN 2012fr. Ilifikia mwangaza ambao darubini ya uani huweza kuurekodi, na ilikuwa ni mlipuko wa nne kurekodiwa katika galaksi hiyo tangu mwaka 1957. Hifadhi fremu zako za kila Januari, zikiwa na tarehe na saa, ili uwe na cha kulinganisha.